UZI: Ndege mbili, njia moja, mnara hakuna. Nilisimama katikati nikaziona zote

MtotoWaOtonglo (mwenye uzi)

Wadau habari za jioni. Hii kitu nimekaa nayo miaka na leo naitoa yote, juu jana nilikuwa stage nikingoja matatu nikasikia vijana wawili wanabishana, mmoja anaapa ati hakuna ndege inaweza kushuka mahali popote Kenya bila mtu wa mnara kuiambia shuka, lazima kuna ofisi fulani inaangalia kwa kompyuta. Nilinyamaza lakini usiku sikulala vizuri.

Huku kwetu minara iko Kisumu na iko Eldoret. Ukitoka hapo, viwanja vingi vidogo unavyoviona, vya lami, vya murram, vya nyasi kule visiwani na Mara, rubani anajiongoza mwenyewe. Hakuna mtu anamwambia subiri, hakuna mtu anamwambia njoo. Anawasha redio kwenye frikwensi ya kile kiwanja, anasema yuko wapi na anataka kufanya nini, anasikiza kama kuna mwingine, anaangalia kwa macho, anashuka. Na si Kenya peke yake. Marekani wana viwanja vya umma kama 5,000 na vyenye mnara ni mia tano na kitu tu, vingine vyote ni hivo hivo, marubani wanaongea wao kwa wao. Kwa hivo si kitu haramu na si umaskini. Ni mfumo unaofanya kazi siku nyingi sana, na siku haufanyi kazi huwa haukupi nafasi ya pili.

Nilifanya kazi karibu miaka minne kwenye kiwanja kimoja huku magharibi, sitakitaja. Kazi yangu ilikuwa kubeba mizigo, kuweka gogo mbele ya magurudumu, kumwaga maji vumbi likizidi, na kubwa kuliko zote kufukuza ng'ombe na mbuzi kabla ndege ishuke. Njia yenyewe, pale ndege zinaporukia na kutua, ilikuwa ya murram na ilikuwa na mgongo katikati. Sikiza hapo vizuri. Ukisimama mwisho wa mashariki huoni mwisho wa magharibi, unaona murram inapanda halafu mbingu. Viwanja vya hivo ni vingi, vilichongwa kufuata ardhi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kuna mazishi ya mtu mkubwa kijiji jirani, chopa mbili zimeshashuka pembeni kwenye nyasi. Mimi niko pale juu ya mgongo na kijana mmoja wa mbuzi, namsaidia mbuzi wake wavuke haraka. Upepo hakuna, soksi ya upepo imening'inia kama nguo iliyoanikwa. Nikasikia injini upande wa mashariki, kuna ndege ndogo imetoka maegesho imejipanga, inataka kuruka kuelekea magharibi. Sawa. Halafu nikageuka nikaona taa. Taa ya ndege nyingine, upande wa magharibi, iko chini kabisa, inakuja kutua kuelekea mashariki. Kuelekea kwetu. Kuelekea ile nyingine.

Yule wa mashariki hamwoni wa magharibi juu ya mgongo. Yule wa magharibi anatua akiangalia jua la saa mbili asubuhi. Mtu pekee anayeziona zote mbili ni mimi na huyo kijana, na redio ya mkononi imeachwa stoo kwa chaji.

Nilivua ile vesti ya manjano nikaanza kupunga. Nilimpungia anayetua, si kwa sababu nilijua sheria, ni kwa sababu alikuwa bado hewani, yeye ndo alikuwa na mahali pa kwenda. Nilisikia mlio wa injini ukibadilika, akaweka moto wote, pua ikainuka, akapinda kulia akapita juu yangu hadi nikaona uchafu wa mafuta kwenye tumbo la ndege. Yule wa mashariki alikuwa ameshaanza kukimbia, akaona ndege inatokea juu ya mgongo mbele yake, akakata, breki, mawe yakaruka, akasimama kama hatua sitini kutoka pale nilipokuwa.

Nitaendelea, wacha niweke simu kwa chaji kwanza.

ShambaKitale

Mungu wangu. Lakini mkubwa mbona wasiongee kwa redio? Si umesema ndo mfumo?

MtotoWaOtonglo

Waliongea. Wote wawili. Hapo ndo kiini cha huu uzi.

Yule wa hewani alizunguka akatua, wakazima injini, wakashuka, mikono inatetemeka, wakaketi kwenye benchi la stoo tukawapa chai. Yule wa kutua aliita mara tatu, mlinzi alimsikia kwa ile redio iliyokuwa kwa chaji: maili kumi, maili tano, fainali, yaani ule mstari wa mwisho wa kushukia njiani. Kila kitu sawa. Yule wa kuruka naye anaapa ameita, natoka maegesho, naingia njia, naruka kuelekea magharibi. Wakaanza kurushiana maneno, huyu anasema hukusema, huyu anasema nilisema. Mwishowe wakaenda pamoja kwenye ndege ya yule wa kuruka wakawasha redio. Namba moja ya mwisho imekosewa. Tarakimu moja. Alikuwa ameongea vizuri kabisa, kila neno mahali pake, kwa frikwensi ambayo hakuna mtu.

Na alipoona kimya, hakuna anayemjibu, yeye kichwani akaelewa kwamba kiwanja ni chake peke yake. Hiyo ndo imani ninayotaka kuivunja leo. Kimya kwenye redio hakimaanishi njia iko wazi. Kimya kinaweza kumaanisha uko frikwensi tofauti, sauti ya redio umeishusha, mwenzako redio yake imekufa, mwenzako ni ndege ya zamani isiyo na redio kabisa, ama ako nyuma ya kilima na mawimbi ya hizi redio hayapindi kona, yanaenda mstari moja kwa moja kama jicho. Ukiwa chini kwenye kiwanja kilichozungukwa na vilima unaweza kukosa kumsikia mtu aliye karibu sana.

Kitu kingine nataka mkione. Hakuna kati yao aliyechagua upande wa kijinga. Upepo hakuna, kwa hivo kila mmoja alichagua kinachomfaa. Maegesho yako mwisho wa mashariki, kwa hivo wa kuruka anaanzia pale pale alipo. Na wa kutua anatua kuelekea mashariki ili akimaliza kukimbia awe ameshafika maegesho, asirudi nyuma njia nzima. Kila mtu na akili yake timamu, na akili hizo mbili zikikutana zinatoa ndege mbili uso kwa uso. Siku ya upepo mkali wala sikuwa na wasiwasi hivo, upepo unawalazimisha wote upande mmoja, waukabili kwa pua. Siku ya utulivu ndo ya kuogopa.

Nyakach_Juu

Mimi naishi chini ya njia ya ndege za Kisumu miaka yote na sikuwahi kujua hata ile namba iliyoandikwa pale inamaanisha nini.

MtotoWaOtonglo

Ni rahisi. Wanachukua mwelekeo wa dira wanaondoa sifuri ya mwisho. Kisumu ni 06 na 24. Ukielekea digrii kama 60 hivi, kaskazini mashariki, ni 06. Ukigeuka ukaelekea ziwani upande wa pili ni 24. Tofauti ya ncha mbili za njia moja ni 18 kila wakati. Sasa ona hatari: ni murram ile ile, lami ile ile, ina majina mawili, na rubani aliyechoka anaweza kusema jina la ncha hii akiwa anaelekea ile. Anayemsikiza anaangalia upande usiofaa wa mbingu.

Na watu wa ziwa mnajua upepo wetu. Asubuhi unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana jua likishika unageuka unatoka ziwani kuja kwetu. Yaani upande wa kutua asubuhi sio wa mchana. Pale Kisumu mnara unawaambia marubani tumegeuza. Kwenye vile vidogo vya kando ya ziwa hakuna wa kutangaza tumegeuza, kuna ile saa katikati ambapo mmoja bado anafuata ya asubuhi na mwingine ameshaanza ya mchana.

MzeeWaLanet

Kijana umeandika vizuri. Mimi niko Nakuru, nimestaafu, sikuwa rubani lakini nimekaa karibu na ndege. Naomba uongeze hili la kurudi nyuma kwenye njia, ulipita haraka.

MtotoWaOtonglo

Asante sana mzee, shikamoo. Ni kweli nilipita haraka na hapo pana kitu kikubwa.

Viwanja vikubwa vina barabara ya pembeni ya ndege kutembelea. Ndege ikitua inatoka inaacha njia. Vile vidogo vyetu vingi havina. Ndege inatua, inakimbia hadi mwisho, inageuka, halafu inarudi polepole kwenye njia ile ile hadi maegesho. Ama anayetaka kuruka anatembea njia nzima hadi mwisho ndo ageuke.

Sasa fanya hesabu nami. Njia ya mita 1,200, ndege inatembea kilomita 20 kwa saa, hiyo ni dakika tatu na nusu na zaidi kidogo. Katika hizo dakika, ndege inayokuja kwa kilomita 150 kwa saa imeshakula kilomita tisa. Kwa hivo wakati naanza kutembea, yule mwenzangu alikuwa umbali ambao macho ya kawaida hayamwoni, ni kitone kama kinyesi cha nzi kwenye kioo, na mimi nikimaliza kutembea yeye anagusa chini. Niliangalia kushoto nikaangalia kulia, hakukuwa na mtu, na bado nimekutana naye. Ndo maana marubani wazuri niliowaona hawakuangalia mara moja. Wakifika mwisho hawajipangi hapo hapo, wanaizungusha ndege mduara mzima pale pale ili pua ipite mbele ya mbingu yote ya fainali, wanaangalia, halafu ndo wanajipanga. Ukiona ndege inazunguka kama kuku anatafuta mahali pa kutaga, ujue huyo ndo wa kupanda naye.

DadaAnayejifunza

Hamjambo. Mimi ni mwanafunzi wa urubani, nyumbani ni Kakamega ila nasomea Nairobi. Nasoma huu uzi na moyo unadunda. Naomba kuuliza na pia niseme kitu. Swali: umesema walijibizana ama hawakujibizana, je mtu akijibiwa si hapo sasa ako salama? Na ninachotaka kusema ni kwamba sisi tunafundishwa taja jina la kiwanja mwanzo NA mwisho wa kila tangazo, na watu wanaona ni kupoteza pumzi.

MtotoWaOtonglo

Dada karibu sana, na usiache hiyo tabia hata siku moja. Viwanja vingi hutumia frikwensi moja. Mtu anaweza kusema niko fainali, na wewe uko fainali, na mko wilaya mbili tofauti. Ama mbaya zaidi, unadhani ako wilaya nyingine kumbe mko pamoja. Neno la kwanza huwa linakatika mara nyingi, mtu anabonyeza kitufe akiwa ameshaanza kuongea, ndo maana jina linarudiwa mwisho.

Swali lako la kujibiwa. Naomba usome hii polepole.

Tarehe 19 Novemba 1996, mji unaitwa Quincy, jimbo la Illinois, Marekani. Kiwanja hakina mnara. Jioni, giza linaanza kuingia. Ndege ya abiria Beech 1900 inakuja kutua njia namba 13, ndani kuna watu 12. Mwisho wa njia namba 04, ambayo inaikata ile ya 13, kuna King Air ina watu wawili, inajiandaa kuruka, na nyuma ya King Air kuna Cherokee ndogo inangoja zamu yake.

Marubani wa Beech walifanya vizuri kabisa. Walitangaza, na wakauliza wazi wazi: ndege iliyo mwisho wa njia 04, unangoja ama unaruka? Na wakajibiwa. Sauti ikasema inangoja. Wakashukuru wakaendelea kutua.

Aliyejibu hakuwa King Air. Alikuwa ni yule wa Cherokee, aliye nyuma. Na sehemu ya jibu lake ilifunikwa na kengele ya ndani ya Beech yenyewe, ile sauti inayotaja urefu kutoka ardhini. King Air hawakujibu neno. Wakaanza kuruka. Wakakutana pale kwenye makutano ya njia mbili.

Na hii ndo sehemu imenikaa. Waliokuwa kwenye Beech hawakufa kwa kugongana. Watu waliokuwa karibu walikimbia pale, wale wa ndani wakiwa bado wako hai, wakajaribu kufungua mlango, mlango ukakataa, na moto ulikuwa umeshaanza. Kiwanja hakikuwa na zima moto wa kazini. Wote 14 walikufa.

Wachunguzi wa Marekani walisema chanzo ni wale wa King Air kutosikiza redio ipasavyo na kutoangalia, na lile jibu lililokatika likachangia. Kwa hivo dada, ukijibiwa, jiulize nani amejibu. Mwambie arudie ni ndege gani na iko wapi. Kama unamwona ndege mwenyewe, muone akisimama. Nilipoisoma hiyo ripoti nilikumbuka ile benchi ya stoo, wale wawili wakibishana nilisema, hukusema.

DadaAnayejifunza

Nimelia kidogo. Asante.

ShambaKitale

Wacha niulize la kijinga. Wakifika wawili pamoja, nani ana haki? Barabarani tunajua mwenye gari kubwa.

MtotoWaOtonglo

Si la kijinga, na afadhali huko juu hakuna mwenye gari kubwa. Sheria ya dunia nzima ni kwamba anayetua ama aliye mwisho wa kutua ndo apewe nafasi na wote walio chini na walio hewani. Wakiwa wawili wanakuja kutua, aliye chini zaidi ndo wa kwanza, LAKINI, na hii lakini ndo nusu ya sheria, haruhusiwi kujishusha makusudi ili amkate mwenzake. Mwenye shida, injini imekufa ama mgonjwa, wote wanampisha.

Shida ni kwamba haki hiyo inasaidia tu kama unajua mwenzako yuko. Watsonville, California, tarehe 18 Agosti 2022. Cessna 152, kadogo ka mafunzo, kako kwenye mzunguko, kanazunguka kiwanja kutua na kuruka, kutua na kuruka. Inakuja Cessna 340 yenye injini mbili, imetangaza kutoka mbali kwamba inakuja moja kwa moja bila kuingia mzunguko. Wote wanaongea, wote wanasikizana. Yule wa 340 alikuwa maili tatu na bado anakuja kwa kasi ya karibu kilomita 333 kwa saa. Kale kadogo kakifika fainali kanaenda kama 110. Mara tatu! Wa 152 alimwona akija nyuma yake, akasema kwa redio unanijia mbio, naghairi kutua, lakini walikuwa wameshachelewa. Watu watatu walikufa.

Ukikaa ukifikiria, maneno yote yalisemwa. Maili tatu kwa yule mdogo ni dakika tatu. Maili tatu kwa yule mkubwa ni dakika moja. Wanasema neno moja na kila mmoja ana saa yake kichwani. Ndo maana mimi nikisikia mtu anatangaza "maili tano" natamani aongeze na dakika, nitafika baada ya dakika ngapi. Sio kila mtu hufanya hivo lakini ningekuwa na uwezo ningewashika mkono mmoja mmoja niwaombe.

Na hapo ongeza miinuko yetu. Kitale iko juu, Eldoret iko juu zaidi, hewa ni nyepesi. Kipimo cha ndani kinaonyesha kasi ile ile ya Mombasa lakini ndege kikweli inaenda haraka zaidi, na ikitaka kuruka inahitaji njia ndefu zaidi. Huwezi kukata safari ya kuruka ukiwa umechelewa, njia imeisha.

Nyakach_Juu

Kwani hakuna mashine ya kuonya? Hata gari za siku hizi zinalia ukikaribia ukuta.

MtotoWaOtonglo

Iko. Ndege kubwa zina mtambo unaitwa TCAS unamwambia rubani panda, shuka. Lakini mambo mawili. Kwanza unaona tu ndege yenye transponda iliyowashwa, kile chombo cha ndege kujitambulisha kwa redio. Pili, karibu na ardhi, chini ya kama futi 1,000, zile amri za panda na shuka zinazimwa makusudi, juu huwezi kumwambia mtu anayetua shuka haraka. Yaani pale pale ninapoongelea mimi, mashine inakuachia macho yako.

Na macho yenyewe yana pazia. Cessna nyingi bawa liko juu, rubani akipinda haoni upande anaoelekea, bawa limefunika. Piper nyingi bawa liko chini, haoni kilicho chini yake. Weka Piper juu na Cessna chini, zote fainali, zinashuka pamoja. Kila mmoja amefichwa mahali ambapo mwenzake hawezi kuangalia. Hiyo imetokea mara nyingi kwenye historia ya ndege ndogo.

MzeeWaLanet

Na usisahau kwamba hata mnara sio dawa ya kila kitu. Tarehe 5 Machi 2024, kiwanja cha Wilson Nairobi, kuna mnara pale, ndege ya abiria Dash 8 yenye watu 44 na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana juu ya mbuga ya Nairobi. Dash 8 ikarudi ikatua salama. Wawili wa kwenye Cessna wakafa.

MtotoWaOtonglo

Kweli mzee, roho zao zipumzike. Sitasema mengi hapo. Na hata ajali ya Tenerife, Hispania, ya 1977, zile Boeing 747 mbili zilizogongana njiani wakafa watu 583, mnara ulikuwepo, watu wawili waliongea kwa redio wakati mmoja, kikatoka mlio badala ya maneno, na neno lililomezwa ndo lilikuwa la muhimu. Hizi redio ziko hivo, wawili wakibonyeza pamoja unasikia kelele tu. Ukisikia ule mlio kiwanjani kwako, jua kuna tangazo limepotea, ngoja, sema tena.

Kitu nachukia ni ile ya kuuliza "kuna mtu yeyote eneo hili?" Kumi wanajibu pamoja, wote wanamezana. Marekani wamewaambia marubani wao waache hilo swali. Sikiza kwanza, tangaza ulipo, wenye kukuhusu watajitokeza.

ShambaKitale

Na chopa? Huku kwetu Jumamosi za mazishi na siasa zikianza hizo ndo zinajaa.

MtotoWaOtonglo

Ndugu umegusa kidonda. Siku za kawaida kiwanja chetu kilipata ndege mbili tatu. Siku ya mazishi makubwa ama kampeni nimehesabu kumi na moja. Marubani wengi wa siku hiyo hawajawahi kufika pale, hawajui kuna mgongo, hawajui watoto wanatoka shuleni wapi. Chopa haihitaji njia, inatokea popote, inashuka popote, na upepo wa panga zake unamwangusha mwenye ndege ndogo anayetua karibu. Na mheshimiwa ana haraka, amechelewa mkutano, anamwambia rubani twende. Hao marubani ni vijana wazuri lakini mtu aliyekalia bega lako akikuambia twende, kuzungusha ndege mduara mzima kuangalia fainali kunaonekana kama kuchelewesha. Naomba yeyote anayesoma hapa anayekodisha hizi ndege, mwache rubani aangalie. Ni sekunde ishirini.

Na wenyeji wangu wa karibu na viwanja, mimi ni mmoja wenu, najua ile njia ni fupi kwenda sokoni, najua murram ile ni nzuri ya kuanika mahindi. Nimebishana na mama wa watu akiwa na gunia lake, amechoka, nikamkunjia turubai nikamsaidia kuhamisha. Rubani akiona mahindi na mbuzi anaangalia mahindi na mbuzi. Haangalii tena ndege ya mbele.

DadaAnayejifunza

Kaka swali la mwisho. Wale marubani wawili wa siku hiyo ilikuwaje? Na yule kijana?

MtotoWaOtonglo

Kijana alipata mbuzi wake wote, walikuwa wameshavuka. Alinishika mkono hadi tukafika stoo na hakusema kitu, alikuwa kama miaka kumi na mbili.

Yule wa kutua alimaliza chai akaenda zake, alikuwa na mgonjwa wa kuchukua. Yule wa kuruka alibaki. Alikaa pale hadi karibu saa sita, chai ya pili, ya tatu. Halafu akaniuliza kama tuna rangi. Tulikuwa na kopo la nyeupe lililobaki la kupaka mawe ya pembeni. Akachukua brashi mwenyewe, akaenda kwenye ukuta wa stoo, ule unaoangalia mahali ambapo ndege zinatoka maegesho, akaandika ile frikwensi, tarakimu zote, kila moja urefu wa mkono. Mimi namshikia kopo. Ya mwisho, ile aliyokosea, aliipitia mara mbili. Nilipita pale mwaka jana, stoo imebadilishwa mabati lakini ukuta ni ule ule na namba zinasomeka.